Koilosaiti kwenye majibu si saratani
Dada, pole kwa wasiwasi. Umeuliza kama "koilosaiti" iliyoandikwa kwenye majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi cha mdogo wako hapo Kampala ni saratani. Hapana. Ni seli iliyoingiliwa na kirusi cha HPV, kirusi ambacho kikikaa mwilini muda mrefu kinaweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi: kiini chake huvimba, hukoza rangi na kukunjamana kama zabibu kavu, na pembeni yake hubaki duara tupu, kana kwamba seli imetobolewa. Kwa wanawake wengi mwili hukifukuza kirusi wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Ila kama anaishi na VVU, kazi hiyo huwa ngumu zaidi. Nakusihi, asikose tarehe ya kurudi, hata kama hasikii maumivu yoyote.