Kabla Hujaandika Kwamba Wameiharibu

Mwaka wangu wa kwanza wa kuandika uchambuzi wa filamu niliisifia sana The Ring ya Marekani, ile ya 2002 aliyocheza Naomi Watts. Niliandika kwamba sijapata kuona wazo geni kama lile la mkanda wa video unaomuua kila anayeutazama baada ya siku saba. Msomaji mmoja akanijibu kwa upole: mwanangu, hiyo wameirudia, yenyewe ni ya Wajapani. Akanitajia jina, Ringu, mwaka wake, 1998, na mwongozaji wake, Hideo Nakata. Niliitafuta wiki ileile, na sijawahi kuandika tena kuhusu filamu ya kutisha bila kuuliza kwanza ilitoka wapi.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu kila filamu ya kutisha inaporudiwa naona mkivutwa kwenye ugomvi uleule. Huyu anasema wameiharibu, yule anasema ya zamani ilikuwa imechoka, na wote wawili wanasema kabla hawajatafuta. Kazi hii inataka mtu mwenye subira kuliko hapo.

Ukianza kutafuta, usiishie kwenye filamu ya kwanza. Ringu yenyewe imetoka kwenye riwaya ya Koji Suzuki ya mwaka 1991. Kwenye riwaya mwandishi wa habari anayefuatilia mkanda ni mwanamume. Nakata alimfanya mwanamke anayelea mtoto peke yake, na hofu yote ya filamu ikahamia kwenye moyo wa mama. Lile tukio la Sadako, mzuka wa mwanamke aliye nyuma ya mkanda ule, nywele zimemfunika uso, akitambaa kutoka ndani ya runinga, halimo kitabuni. Limebuniwa kwenye filamu. Sasa fikiria shabiki anayewalaumu Wamarekani kwa kuligusa tukio hilo takatifu: analitetea jambo lililozaliwa pale Wajapani walipokibadilisha kitabu chao wenyewe. Na Wakorea walikuwa wamekwisha kutengeneza ya kwao mwaka 1999, kabla ya Hollywood. Ukiyajua haya, swali la nani kamwibia nani linapungua nguvu, na linabaki swali zuri zaidi: kila mmoja amebadilisha nini, na hofu imehamia wapi?

Kwetu Afrika Mashariki kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa Marekani hawalibebi. Wengi wetu tulikutana na filamu hizi kinyumenyume. Nakala ya Marekani ndiyo iliyofika mtaani kwanza, kwenye VCD yenye kava lililofifia, na ya Kijapani tukaiona miaka baadaye, kama tuliiona. Ile uliyoiogopa kwanza ndiyo inayokuwa ya asili moyoni mwako, hata kama kwa tarehe ni ya tatu. Hilo si kosa, lakini mwambie msomaji. Andika uliiona ipi kwanza, ukiwa na umri gani, kwa lugha gani. Sentensi moja inatosha, na atajua namna ya kuyapima maneno yako.

Lugha ndiyo iliyonifundisha zaidi. Bhool Bhulaiyaa, filamu ya Kihindi ya 2007, niliiona mara ya kwanza kwenye banda la video mtaani kwetu, ikiwa na mtafsiri anayesimulia juu ya sauti za waigizaji. Vidya Balan anacheza mke aliyeingia kwenye jumba la kale la ukoo wa mumewe, akaanza kugeuka Manjulika, mchezaji ngoma wa zamani aliyekufa kwa dhuluma. Mtafsiri wetu alisema tangu mwanzo: huyu kapandwa na jini. Akshay Kumar alipokuja kueleza, kama daktari wa akili, kwamba mke yule ni mgonjwa, mtafsiri hakutetereka. Jini ni jini. Tulitoka pale tukiwa tumeshikana mikono gizani. Miaka mingi baadaye niliirudia kwa sauti yake halisi na maandishi ya Kiingereza chini, nikakuta ni filamu nyingine kabisa, inayomwonea huruma mgonjwa na kumtaka mume amsikilize mkewe. Mtafsiri alikuwa ametengeneza toleo lake pale pale bandani, na kwa hadhira ile lilifanya kazi yake. Namheshimu hadi leo. Ila ningeichambua filamu kwa kumbukumbu ya banda, ningekuwa nimemchambua yeye, na mwongozaji Priyadarshan asingeonekana popote.

Kisha fuata mnyororo wake. Bhool Bhulaiyaa imetokana na Manichitrathazhu ya mwaka 1993, ya lugha ya Kimalayalam ya kusini mwa India, iliyoongozwa na Fazil. Katikati pana Apthamitra ya Kikannada ya 2004 na Chandramukhi ya Kitamil ya 2005 aliyocheza Rajinikanth. Angalia walichokifanya kwa ustadi. Kwenye filamu ya Kimalayalam, mke anapogeuka anazungumza Kitamil. Kwenye ile ya Kitamil anazungumza Kitelugu. Kwenye ya Kihindi anazungumza Kibengali. Hofu ya hadithi hii imekaa kwenye mke unayelala naye kitanda kimoja akifungua mdomo usiku na kusema lugha ya jirani. Lugha ile ingeachwa bila kubadilishwa kwa kisingizio cha uaminifu, huenda mtazamaji wa Chennai asingeshtuka, kwa kuwa angesikia Kitamil chake mwenyewe. Walibadilisha ili kitu kisibadilike. Nikiona toleo jipya lililofanikiwa, karibu kila mara nakuta mtu aliyejua hofu imekaa wapi kabla ya kushika kamera. Ndiyo maana Bhool Bhulaiyaa 2 ya mwaka 2022 ilinisikitisha, ingawa watu wengi waliipenda. Humo mzuka ni wa kweli, na kile kilichoifanya ya kwanza kuwa na utu kimeondoka.

Hapo hapo niseme kuhusu maneno yetu. Kiswahili kina mzimu, pepo, jini, mzuka, na si kitu kimoja. Mzimu ni wa mtu aliyekufa. Jini hakuwahi kuwa mtu. Sadako alikuwa mtu, aliuawa, na anarudi kwa kinyongo kama mizuka ya wanawake waliodhulumiwa katika hadithi za Kijapani. Ukimwita jini umemwondolea dhuluma aliyotendewa, na bila dhuluma ile filamu haieleweki. Chagua neno kama unavyochagua dawa.

Sasa hasira za mashabiki. Zisome zote, lakini ziwekee tarehe. The Thing ya John Carpenter ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. Watu walikuwa wamempenda mgeni mpole kutoka angani, huyu anawaletea kiumbe anayepasua vifua na kuvaa sura za watu katika kambi ya Antaktika. Wahakiki waliishambulia vikali, walioipenda filamu ya kwanza ya hadithi hiyo, ya 1951, waliona ni uchafu, na mapato yakawa madogo. Leo ni vigumu kukuta orodha ya filamu bora za kutisha isiyokuwa nayo. Wachache wakati ule walijali kwamba Carpenter alikuwa amerudi karibu zaidi na hadithi ya John W. Campbell ya 1938, ambamo kiumbe anaiga watu na hakuna wa kumwamini mwenzake. Filamu ya 1951 iliacha wazo hilo na kuweka kiumbe mwenye asili ya mmea anayetembea kama mtu. Yaani iliyoitwa mharibifu ndiyo iliyorudi nyumbani. Kwa hiyo hukumu yako ya wiki ya kwanza iandike, lakini ukumbuke ni ya wiki ya kwanza.

Wakati mwingine mashabiki wana haki kabisa, na hapo simama nao. Filamu ya 2011 yenye jina lilelile, inayosimulia yaliyotokea kabla ya ile ya Carpenter, ilitengenezewa viumbe vya mikono na mafundi wa Amalgamated Dynamics, kisha sehemu kubwa ya kazi yao ikafunikwa kwa picha za kompyuta. Malalamiko yalihusu ufundi unaoonekana kwa macho: uzito wa kitu, unyevu wake, jinsi mwigizaji anavyokiogopa kitu kilichopo mbele yake. Malalamiko ya aina hiyo yachunguze moja moja. Yale ya “hawana heshima” yaache yapite.

Uaminifu nao usiutumie kama kipimo. Gus Van Sant aliirudia Psycho ya Alfred Hitchcock mwaka 1998 karibu picha kwa picha, kwa muziki uleule wa Bernard Herrmann, safari hii kwa rangi. Haikumtisha mtu, na mapato hayakufikia gharama. Stephen King alichukizwa na jinsi Stanley Kubrick alivyoifanyia riwaya yake The Shining mwaka 1980, akaandika mwenyewe toleo la televisheni la 1997, lililofuata kitabu kwa karibu. Watu wanaozungumzia hoteli ya hadithi ile hadi leo wanazungumzia korido za Kubrick. Namwelewa King, kwa sababu baba mlevi wa kitabuni anapigana na nafsi yake kuliko yule aliyechezwa na Jack Nicholson kwenye filamu ya Kubrick, na hasara hiyo ni ya kweli. Mchambuzi anatakiwa aweze kusema yote mawili katika aya moja.

Namna ninavyofanya kazi sasa ni hii. Nikipata nafasi, natazama toleo jipya kwanza, bila kuligusa la zamani, na naandika nilipoogopa na dakika yake. Kisha natazama la zamani. Nikianza na la zamani, daftari langu linajaa orodha ya tofauti, na orodha ya tofauti haimsaidii msomaji. Kama kuna kitabu, nasoma mwisho wa yote. Mwisho wa hadithi siutoi bila onyo: George Sluizer aliirudia mwenyewe huko Marekani mwaka 1993 filamu yake ya Uholanzi ya 1988, Spoorloos, akabadilisha mwisho, na mjadala wote umekaa hapo, lakini ukimsimulia mtu ambaye hajaiona umemnyang'anya usiku wake.

Msomaji akija na hasira, muulize aliiona lini ya kwanza na alikuwa na nani. Mara nyingi utasikia habari ya kaka aliyekufa, au ya sebule ya shangazi umeme ulipokatika. Usibishane na sebule ile. Iandike kwenye daftari, ni sehemu ya namna filamu ilivyoishi kwa watu.

Kama unataka pa kuanzia, chukua hadithi ya Jack Finney ya 1955, The Body Snatchers, juu ya watu wanaobadilishwa usingizini wakabaki na sura zao bila hisia. Tazama filamu ya 1978 iliyotokana nayo, Invasion of the Body Snatchers, inayotokea San Francisco, kisha ya 1956 inayotokea mji mdogo wa California, kisha ya 1993 iliyohamia kambi ya jeshi. Kwa kila moja andika nusu ukurasa tu: watu wa mahali pale walikuwa wanamwogopa nani, na ni dakika ya ngapi ulipomwogopa na wewe.