Kutoka Kichwa cha Jedwali Hadi Jina la Kigeu: Maswali na Majibu

Swali (msomaji, Kirumba): Ninaandika programu ya Python inayosoma jedwali la bei za samaki tunazokusanya mwaloni. Safu moja ina kichwa "Bei ya dagaa (TSh/kg)". Nitakigeuzaje kiwe jina la kigeu?

Jibu: Ndugu yangu, jina la kigeu, yaani jina ambalo programu hutunzia thamani, katika Python huundwa kwa herufi, tarakimu na kistari cha chini tu, wala halianzi kwa tarakimu, kwa hiyo nafasi, mabano na mkwaju havina budi kuondoka. Geuza herufi zote ziwe ndogo, kisha popote penye alama zisizoruhusiwa, hata zikifuatana tatu, weka kistari kimoja cha chini, na mwisho ukate vistari vilivyosalia mwanzoni na mwishoni. Utapata bei_ya_dagaa_tsh_kg. Nakusihi usiyafute maneno ya ndani ya mabano kwa kutafuta ufupi. Dagaa huuzwa pia kwa ndoo, na iwapo safu ya pili ni "Bei ya dagaa (TSh/ndoo)", zote mbili zitakuwa bei_ya_dagaa, na thamani ya pili itaifuta ya kwanza bila programu kulalamika hata kidogo.

Swali (msomaji, Sengerema): Kwetu kuna vichwa kama "Ng'ombe" na "Nyang'hwale". Programu hunipa ng_ombe, lakini kwa faili nyingine neno hilo hilo hupita bila kuguswa. Kwa nini?

Jibu: Swali hili linatuhusu sisi hasa, kwa sababu waliotunga mapishi ya kawaida ya kusafisha majina hawakuifikiria ng' yetu. Alama tunayoiona kwa macho kuwa moja huandikwa kwenye kompyuta kwa namna zaidi ya moja. Iliyonyooka, U+0027 (namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya alama za maandishi), na iliyopinda, U+2019, ambayo simu nyingi huiweka zenyewe, ni alama za uandishi, hivyo hugeuzwa kuwa kistari. Ya tatu, U+02BC, inahesabiwa katika Unicode kuwa herufi, na Python huikubali ndani ya jina. Ndiyo huenda imo katika faili yako ya pili. Ziondoe zote tatu kabla ya hatua nyingine yoyote, upate ngombe na nyanghwale, kwani kistari katikati hulikata neno vipande viwili visivyo na maana. Hata hivyo, "ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili tofauti, na sasa yatafanana. Kila jina jipya lilinganishe na yaliyokwisha kutolewa, na likifanana uliongezee namba. Tena uendelee kulinganisha hata baada ya kuongeza, kwa maana vichwa "Bei", "Bei" na "Bei 2" vinaweza kukuletea bei_2 mara mbili.

Swali (mwalimu, Ilemela): Jedwali la matokeo lina safu ya "Pass". Nimelipima jina kwa isidentifier, kipimo cha Python cha majina, likakubaliwa, lakini programu haiendi.

Jibu: Mwalimu, kipimo hicho hutazama umbo la jina peke yake. Neno "Pass" lenye herufi kubwa halina tatizo, ila baada ya kupunguzwa herufi limekuwa pass, ambalo Python imelitenga kwa kazi yake. Pima pia kwa keyword.iskeyword, inayotambua maneno yaliyotengwa, na upime baada ya kugeuza, si kabla. Likigongana, ongeza kistari mwishoni: pass_.

Swali (mwanafunzi, Nyegezi): Je, kichwa "2024 mapato", kinachoanza kwa tarakimu, nikigeuzeje?

Jibu: Tanguliza kistari cha chini au, bora zaidi, neno: mwaka_2024_mapato. Ukitumia lugha ya programu ya R, amri yake ya make.names itakupa X2024.mapato.

Swali (msomaji, Ukerewe): Vichwa vyangu huandikwa na watumiaji wenyewe. Niunde vigeu kwa exec?

Jibu: Hapana, tafadhali. exec hutekeleza maandishi yoyote inayopewa, na mtu anaweza kuandika amri mahali pa kichwa. Tumia kamusi ya Python (dict), ambayo huhifadhi kila thamani chini ya ufunguo wake: ufunguo huo unaweza kuwa "Bei ya dagaa (TSh/kg)" kama ulivyoandikwa, bila kugeuza chochote. Pale unapolazimika kuwa na majina safi, weka kamusi ya pili inayounganisha kila jina na kichwa chake cha asili, ili ripoti itakaporudi kwa wavuvi isomeke kwa maneno waliyoyaandika wao.