Usinunue skrini nyingine kabla hujaona omu 60

Mkuu, usitume hiyo hela. Umesema boti yako iko Itungi, ina skrini mbili, moja kwa nahodha na nyingine nyuma wanakoshushia nyavu. Ya nyuma inasoma GPS na kina kwa muda, halafu namba zinageuka vistari. Fundi kakwambia skrini imekufa, na kwamba akija kufunga mpya ataongeza terminata, vile vizibo vyenye kizuizi cha umeme vinavyofungwa mwisho wa waya wa mtandao, nyuma ya kila skrini. Sasa unauliza uchukue ya inchi ngapi na transdusa, kile kipima kina, ikae wapi. Ngoja kwanza.

Boti yetu ya usipa pale Matema ilianza vivyo hivyo. Fundi aliyetufungia vifaa alisema skrini ina tatizo la ndani, na hakufungua hata kifuniko cha nyaya. Tukanunua nyingine, ikaja na basi mpaka Kyela, ikafungwa, na usiku uleule vistari vikarudi. Tukampigia simu, akasema basi ni antena ya GPS. Tukanunua na antena! Hela ya nyavu ikaishia kung'oa vifaa vizima na kufunga vizima vingine, vijana wakaingia msimu na nyavu za viraka, na muda wote huo yule bwana hakushika mita ya umeme hata mara moja. Mtu anayekuja kutafuta hitilafu ya NMEA 2000, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha vifaa vya boti, mikono mitupu huyo ni muuzaji, na mpaka leo nikimkumbuka damu inachemka.

Kilichokuwa kibovu ni terminata. Waya mkuu wa mtandao lazima uwe na terminata mbili tu, moja kila ncha, kila moja omu 120. Isipokuwepo, ishara ikifika mwisho wa waya inarudi na kuvuruga zinazofuata. Shida ni kwamba kwenye boti fupi kama hizi zetu, ikifa moja mtandao hauzimi papo hapo. Unashika, unaachia, unashika tena, na lawama zote zinaiangukia skrini kwa sababu ndiyo inayoonekana. Yetu ya nyuma ilikuwa chini ya mbao za sakafu, kwenye yale maji machafu yenye mafuta karibu na injini. Kuifungua, pini zimegeuka kijani, na moja ikakatika pale pale nilipoigusa. Na fundi alikuwa ametuapia kwamba Nyasa ni maji baridi, hakuna kitu kitakacholika. Chumvi haipo, sawa, lakini plagi yenye umeme wa volti 12 ikilowa kila siku, pini zinaliwa tu.

Kwa hiyo fanya hivi leo. Zima umeme wa mtandao mzima. Chomoa waya wa skrini ya nyuma kwenye T yake, kile kiungio kinachouunganisha na waya mkuu, weka mita kwenye omu, pima kwenye hiyo T kati ya waya mweupe na wa bluu. Wa bluu ni ile pini ya katikati. Ukisoma karibu 60, terminata zote mbili zipo na zinafanya kazi. Ukisoma 120, moja imekufa au haipo, nenda kafungue zote mbili uzitazame kwa macho. Ukisoma 40, kuna mtu kaongeza ya tatu, na kuongeza huko ndiko fundi wako anataka kukufanyia, tena kwa hela yako. Mkatalie.

Ikitoka 60 na vistari bado vipo, angalia tawi linaloenda nyuma, yaani waya unaotoka kwenye waya mkuu mpaka kwenye skrini. Tawi halitakiwi kuzidi mita 6. Kama fundi alivuta waya mmoja mrefu kutoka kwa nahodha mpaka nyuma, arefushe waya mkuu, terminata ihamie kwenye ncha mpya. Halafu washa kila kitu na upime volti huko huko nyuma, nyekundu na nyeusi, zisishuke chini ya 9.

Na kama alikuahidi kwamba skrini mpya itaonyesha picha ya sona, ile ya samaki na sakafu ya ziwa, kupitia waya huohuo, amekudanganya. NMEA 2000 inapitisha namba, kina, mwendo, mahali ulipo. Picha inataka waya wake mwingine.

Mita azima kwa fundi umeme yeyote hapo Kyela mjini. Ukishapima, andika namba uliyoipata hapahapa kabla hujapokea simu ya huyo bwana.