Maswali ya Wasomaji: Nani Anashika Usukani wa Samaki wa Wamaori?

Sisi ni kikundi cha usimamizi wa fukwe (BMU). Tumesikia Wamaori wa New Zealand wanamiliki nusu ya kampuni kubwa ya uvuvi. Walipewa bure?
*Msomaji, Kwale*

Walilipwa deni. Mkataba wa Waitangi wa 1840, kati ya Waingereza na machifu wa Wamaori, uliwahakikishia uvuvi wao. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha mfumo wa kwota na kuwagawia wavuvi wa biashara haki ya kuvua, kana kwamba bahari haina wenyewe. Makabila yakaenda mahakamani mwaka uliofuata, yakapata zuio. Sheria ya 1989 ikawapa Wamaori asilimia 10 ya kwota zilizokuwapo, kama malipo ya mwanzo. Kisha Septemba 1992 serikali ikatoa dola milioni 150 za New Zealand za kununulia nusu ya Sealord, ndiyo kampuni mliyoisikia, ikaahidi pia asilimia 20 ya kwota ya kila aina mpya ya samaki itakayoingizwa katika mfumo. Wamaori nao wakafunga madai yao yote ya uvuvi wa biashara. Leo nusu ile iko mikononi mwa Moana New Zealand, kampuni ya makabila. Nusu ya pili ni ya Nissui ya Japani.

Kupata kulikuwa rahisi kuliko kugawana. Wenye pwani ndefu walitaka urefu wa pwani uwe kipimo, wenye watu wengi wakataka vichwa vihesabiwe, na kesi zikaendelea mpaka Sheria ya Uvuvi ya Wamaori ya 2004. Sheria hiyo iliamua hivi: samaki wa karibu na ufuko hugawanywa kwa urefu wa pwani ya kabila, wa kilindini, asilimia 75 kwa idadi ya watu na 25 kwa urefu wa pwani.

Mwenyekiti wa udhamini wa kabila ana mamlaka gani juu ya mali hiyo? Anaweza kuiuza?
*Msomaji, Kilwa*

Peke yake hawezi kuuza hata hisa moja. Kabla ya kukabidhiwa mali, kila kabila lilitakiwa kuwa na chombo chenye idhini ya watu wake, mara nyingi udhamini wenye bodi, kikathibitishwa na Te Ohu Kaimoana, taasisi ya kitaifa iliyokuwa imeishika mali kwa niaba ya wote. Katiba ya chombo hicho lazima ikubaliwe na asilimia 75 ya wanakabila watu wazima waliopiga kura. Wadhamini huchaguliwa, na kipindi hakizidi miaka 3 bila uchaguzi mwingine.

Chini ya udhamini kuna kampuni ya kushika mali, inayomilikiwa na udhamini kwa asilimia 100. Humo ndimo zinamokaa hisa za kwota na hisa za Moana. Wadhamini wanaruhusiwa kukaa kwenye bodi yake, lakini wasizidi asilimia 40 ya wakurugenzi. Yaani bodi ya watu 5 inaweza kuwa na wadhamini 2 tu. Watatu waliobaki watoke nje, na kabila lenye busara huchagua mhasibu, mjuzi wa soko la samaki na mwanasheria. Na kabila likitaka kuvua lenyewe kwa boti zake, ni lazima liunde kampuni ya tatu, kwa sababu kampuni ya kushika mali hairuhusiwi kuingia kwenye hatari za injini, mafuta na nyavu. Boti zikifilisika, kwota ibaki salama.

Kwa Sheria ya 2004, kuuza kwota ya makubaliano, yaani ile iliyotokana na madai hayo, kulihitaji asilimia 75 ya kura za wanakabila kwenye mkutano, na hata hapo mnunuzi ilibidi atoke ndani ya jumuiya ya Wamaori. Msomaji wa pwani atalitambua hili haraka: linafanana sana na wakfu. Matunda huliwa, shina haliguswi.

Basi kazi ya mwenyekiti ni ipi? Kuongoza wadhamini kuandika sera ya mwaka, kuteua wakurugenzi na kuwauliza maswali magumu, kisha kusimama mbele ya mkutano mkuu na kueleza kampuni ilipata nini, ilipoteza nini, na fedha zilikwenda wapi. Bei ya kilo ya changu si kazi yake. Mwenyekiti anayempigia simu meneja kuuliza boti ya nani imepewa samaki ameshavuka mpaka.

Fedha zenyewe zinaingiaje kama makabila mengi hayavui?
*Msomaji, Muscat*

Kila hifadhi ya samaki, yaani aina moja katika eneo moja, ina hisa 100,000,000. Waziri hupanga kiwango cha juu cha mavuno ya biashara, na siku ya kwanza ya mwaka wa uvuvi kila hisa huzaa kilo zake. Kilo hizo huitwa haki ya mavuno ya mwaka, nazo huuzwa peke yake bila kuigusa hisa. Tuchukue mfano: kabila lina hisa 1,500,000 na kiwango ni tani 2,000. Hiyo ni asilimia 1.5, sawa na kilo 30,000 za kumuuzia mvuvi. Waziri akishusha kiwango hadi tani 1,600, zinabaki kilo 24,000. Hisa ni zilezile, mapato yamepungua kwa moja ya tano, na hakuna wa kulaumiwa kwenye bodi. Ndiyo maana bajeti ya udhamini ya ufadhili wa masomo isifungwe kwenye mapato ya mwaka mmoja.

Kalenda ndiyo inayowaangusha wengi. Kwa samaki walio wengi mwaka huanza 1 Oktoba. Kwa kamba koche, 1 Aprili. Bodi inayokutana Novemba kujadili nani auziwe imechelewa, maana wavuvi wameshapanga safari. Mazungumzo yaanze miezi mitatu kabla, na mkataba wa miaka kadhaa humpa mvuvi uhakika wa kukarabati boti. Haki isiyotumika huisha mwaka ukiisha, isipokuwa sehemu isiyozidi asilimia 10 ambayo kwa hifadhi nyingi huvushwa kwenda mwaka ujao. Kabila lenye kilo 400 za aina hii na 900 za aina ile halina nguvu ya kupatana bei. Hapo ndipo panapofaa kuunganisha kilo na makabila jirani na kuuza kwa mkupuo, kama wanavyofanya wanachama wa Iwi Collective Partnership.

Hisa za Moana zina njia yake: Sheria ya 2004 iliitaka kampuni igawe angalau asilimia 40 ya faida halisi kila mwaka.

Mwenyekiti ndiye chifu wa kabila?
*Msomaji, Bujumbura*

Hapana. Uchifu una nasaba yake, uenyekiti una kura yake. Kwa Waikato-Tainui, kwa mfano, yupo Malkia wa Wamaori, Nga wai hono i te po, aliyetawazwa Septemba 2024, na lipo baraza la wawakilishi wa marae 68, yaani viwanja vya mikutano vya jamii, lenye mwenyekiti wake. Kwa Ngāi Tahu hakuna kura moja ya kabila zima: kila moja ya rūnanga 18, yaani mabaraza ya wenyeji, hutoa mwakilishi.

Ugomvi hutokea wapi zaidi?
*Msomaji, Tanga*

Kwenye daftari la wanachama. Wengi wanaishi mijini au Australia, anwani zimepitwa na wakati, na aliyeshindwa uchaguzi hudai kwamba karatasi hazikuwafikia watu wake. Dawa ni kusafisha daftari mwaka mzima badala ya wiki mbili kabla ya kura, na kumpa msimamizi wa nje kazi ya kuhesabu.

Pili ni mdhamini mwenye boti. Anataka auziwe haki ya mwaka kwa bei ya chini, “kwa ajili ya ajira za vijana wetu”. Huenda ni kweli. Hata hivyo aandikishe maslahi yake, atoke chumbani, na punguzo lionekane kwenye hesabu kama gharama ya kijamii. Bei nafuu isiyoandikwa ndiyo inayovunja bodi. Mgogoro ukishindikana ndani, Mahakama ya Ardhi ya Wamaori ina mamlaka ya kuusikiliza.

Familia ikifiwa, inaomba samaki kwa udhamini?
*Msomaji, Lamu*

Samaki wa msiba hawatoki kwenye kwota. Kanuni za uvuvi wa kimila za 1998, na za 1999 kwa Kisiwa cha Kusini, zinawapa mamlaka ya kutoa kibali walinzi wa bahari, wanaoitwa kaitiaki au tangata tiaki, walioteuliwa na wenyeji na kuthibitishwa na waziri. Kibali huandikwa aina ya samaki, idadi, ukubwa, mahali, tarehe, njia ya kuvulia na shughuli yenyewe. Samaki hao hawauzwi, na mwenyekiti wa udhamini hana saini kwenye karatasi hiyo.