Ukifika Saiti ya Maabara, Usianze na Masinki

Juzi nilipita saiti moja ya ukarabati wa jengo la kemia, nikamkuta injinia kijana amewapanga vibarua wanang'oa masinki. Saiti ilikuwa imekabidhiwa jana yake. Nikamuuliza kama ameshaongea na fundi sanifu wa maabara. "Shikamoo mzee," akanijibu, "hilo halimo kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei za mkataba."

Nilimtoa nje tukakaa chini ya mwembe. Niliyomwambia nayaweka hapa, maana majengo ya sayansi ya miaka ya 1960 na 1970 sasa yanakarabatiwa kwenye vyuo vingi, na kila mradi nawaona wadogo zangu wakirudia makosa yaleyale. Mengine niliyafanya mimi.

1. Anza na fundi sanifu wa maabara, michoro itafuata. Michoro ya majengo haya mara nyingi imepotea, na ikipatikana haioneshi bomba aliloongeza mtu miaka ishirini baadaye. Aliyetunza stoo ya kemikali muda mrefu anajua drenji ipi inarudisha maji wakati wa masika, na kabati lipi lina chupa ya asidi ya pikriki iliyokauka, kitu ambacho kikisuguliwa tu kinaweza kulipuka. Mpelekee chai, kaa naye, sikiliza. Akikwambia hapo pasiguswe, basi pasiguswe, hata kama programu ya kazi inasema Ijumaa.

2. Trapu za masinki, yaani mabomba yaliyopinda chini yake. Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini, injinia msaidizi, jengo la maabara za fizikia na kemia. Mvua ilikuwa imeturudisha nyuma wiki mbili na mshauri elekezi ananiandikia barua kila Jumatatu. Nikaamuru masinki yote ishirini na manne yatoke ndani ya siku mbili. Vibarua wakawa wanafungua trapu na kuzigonga sakafuni zitoe uchafu. Kwenye ule uchafu mweusi zikatoka punje zenye rangi ya fedha, zinakimbia sakafuni kama shanga zilizokatika uzi.

Nilijua ni nini. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilivunja kipimajoto, nikaisukumia zebaki kwenye sinki na kufungulia maji. Kila aliyepita maabara zile kwa miaka thelathini alifanya hivyohivyo, na zebaki ina uzito mara 13.6 ya maji, kwa hiyo haisafiri. Inatua kwenye trapu na kungoja. Nilisimama pale nikaiangalia, nikahesabu siku ambazo kazi ingesimama nikitoa taarifa, nikasema, "Fagieni, tuendelee."

Kati ya vibarua alikuwemo kijana aliyetokea Geita. Kwao zebaki ni mali, wachimbaji wadogo wanaikamatia dhahabu. Akaikusanya kwenye chupa ya soda, kina cha vidole viwili hivi, ili akaiuze akirudi nyumbani. Chupa aliiweka chini ya godoro, kwenye stoo ya saiti walikolala watu wanne, mlango umefungwa kwa sababu ya mbu. Kifuniko kilikuwa na ufa.

Zebaki haina harufu, na huhitaji kuichemsha ndipo itoe mvuke: joto la chumba linatosha. Siku ya tano kijana akaniambia kichwa kinamuuma, kifua kinabana, mdomoni anasikia ladha ya chuma. Nikampa hela ya Panadol. Siku ya nane msimamizi wa vibarua, aliyekuwa akilala stoo ileile, akaja kunionesha pete yake ya ndoa. Dhahabu ilikuwa imegeuka nyeupe. Mama mmoja wa maabara alikuwa anapita, akaishika ile pete, akanitazama. "Mmeshika zebaki. Tangu lini?"

Swali hilo la "tangu lini" sijalisahau, kwa sababu jibu nilikuwa nalo.

Wanne wote walipelekwa hospitali. Saiti ilifungwa kwa muda mrefu kuliko zile siku nilizokuwa najaribu kuziokoa. Kijana alikuja baadaye kuchukua malipo yake kabla ya kurudi kwao. Alipokuwa anasaini, kalamu ilitetemeka mpaka ikabidi aweke dole gumba.

Kwa hiyo: beseni chini ya trapu kabla ya kulegeza nati ya kwanza. Yaliyomo yaingie kwenye chombo kinachofungwa vizuri na kuandikwa. Ikimwagika, hakuna fagio wala mashine ya kuvuta vumbi, vyote vinaisambaza. Fungua madirisha, toa watu, nyunyizia unga wa salfa, kisha ita watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali.

3. Ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Majengo mengi ya zamani yalitumia bomba la chuma la maji kuwa njia ya ethi, hivyo siku unapoweka bomba la plastiki umeikata bila kugusa waya hata mmoja. Pima upya kabla ya kuwasha oveni.

4. Fyumu chemba, lile kabati linalovuta moshi wa kemikali. Pima kasi ya hewa mlangoni mwake, iwe karibu nusu mita kwa sekunde, na usikubali feni ya jikoni hata mkandarasi akiapa. Angalia pia bomba lake linautoa moshi wapi. Nimeona bomba lililoishia chini ya dirisha la profesa wa ghorofa ya juu; alishuka ngazi mbio kuliko wanafunzi wake wote.

5. Asbestosi haikatwi kwa grainda. Iloweshwe, ishushwe nzima, ifungwe kwenye nailoni nzito na watu wavae barakoa inayostahili.

6. Drenji ya PVC inavumilia asidi lakini asetoni inailainisha. Omba bomba za polipropilini, plastiki ya aina nyingine, mapema, siyo baadaye kwa variesheni, yaani mabadiliko ya mkataba.

7. Meza za mvule. Tafadhalini, msizitupe! Naona zinapakiwa kwenye lori na badala yake zinaletwa mbao za unga ambazo zikilowa maji mwezi mmoja zinavimba kama mkate. Piga randa milimita chache, chini yake kuna mbao iliyo hai. Mradi wangu wa mwisho tuliziokoa zote, na fundi seremala akaacha pembe moja bila kuranda kwa sababu ilikuwa na majina ya wanafunzi yaliyochongwa.

Tuliporudi ndani, masinki matatu yalikuwa yameshang'oka. La nne tuliliwekea beseni. Yule injinia kijana alilegeza nati mwenyewe, taratibu, matope yakashuka, na nyuma yake punje mbili, tatu, zikagonga plastiki. Akawaambia vibarua watoke nje na kufungua madirisha, kisha akaniomba namba ya mtu wa Mkemia Mkuu.