Jibu: Kwa nini majina ya watu yaliandikwa sakafuni makanisani?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wakristo wa mwanzo waliandika majina ya wafadhili sakafuni, mahali pa kukanyagwa, tena kwa Kigiriki. La Kigiriki ni jepesi: ndiyo lugha iliyotawala upande wa mashariki wa dola ya Roma.

Kuhusu sakafu, tazama ile ya ukumbi wa ibada wa Wakristo huko Megiddo, Israel, iliyofukuliwa mwaka 2005 ndani ya uzio wa gereza (wafungwa walikuwa kati ya waliochimba!). Wachimbaji waliikadiria kuwa ya karne ya 3. Ina maandishi matatu yaliyoundwa kwa vijiwe vidogo vilivyopangwa sakafuni (mozaiki). Moja linasema Gaianus, akida wa jeshi la Roma, aliigharimia kwa fedha zake, na fundi alikuwa Brutius. Jingine linamtaja Akeptous, mwanamke aliyetoa meza kwa Mungu Yesu Kristo iwe ukumbusho. La tatu linaomba wanawake wanne wakumbukwe: Primilla, Cyriaca, Dorothea na Chreste.

Kwa maoni yangu jibu lako limo humo: jina liliwekwa pale waumini watakapoliona na kulikumbuka. Kukanyagwa halikuwa tusi. Kilichowakera wakubwa ni msalaba. Mwaka 427 Kaisari Theodosius II alipiga marufuku kuuchora sakafuni, ingawa mafundi hawakutii wote.

Wapo pia wafadhili waliojificha. Baadhi ya maandishi ya Palestina na Yordani yanasema tu kuwa kazi ni sadaka ya wale ambao Bwana anayajua majina yao. Kwenye harambee zetu sijui kama wangepatikana.