Daktari wa meno kaja, kakaa miezi saba, kaenda zake

SWALI: Assalamu alaikum daktari. Mie ni mama wa huku kisiwani Pate, niko kwenye kamati ya kituo chetu cha afya. Mwaka jana tuliletewa kijana daktari wa meno, mpole, watu wakampenda, alafu miezi saba tu akaomba uhamisho akaenda Mombasa. Sasa mtu akiumwa na gego anasaga karafuu anaweka, ikishindikana anangoja maji yajae apande boti apite mlango wa bahari wa Mkanda mpaka Lamu, na wakati wa kusi ile safari si ya mgonjwa. Wenzangu wanasema hawa vijana wa bara wanataka raha za mji tu. Ni kweli? Na sisi kamati tufanye nini?
Mama wa Kamati, Pate

JIBU: Waalaikum salam mamangu. Hebu nikuulize kwanza, yule kijana alikuwa anaziba meno ama alikuwa anang'oa tu?

Nauliza kwa sababu mie nimefanya kazi visiwani, nilipofika nikakuta kiti cha meno kizuri kabisa lakini kompresa imeliwa na kutu kwa hewa ya chumvi, na drili haizunguki bila upepo wa kompresa, kwa hivo kazi yangu ikawa sindano ya ganzi na koleo, ng'oa huyu, ng'oa yule, kutwa. Mtu kasoma miaka mitano chuo kikuu na mwaka mwengine wa mafunzo hospitalini, analetewa msichana jino la mbele lina tundu dogo, anajua fika lingezibwa likapona, na hana la kufanya ila kumwambia nenda Lamu ama nikung'oe. Hiyo inavunja moyo kuliko upweke. Mkono nao unasahau, ukikaa mwaka huzibi jino unaanza kuogopa kuziba, ndio vijana wanakimbia mapema. Alafu maji, mkitia ya kisima yenye chumvi kwenye kiti mirija inaziba, afadhali ya jabia, yaani birika la maji ya mvua, yakichujwa vizuri.

Kwa hivo msiombe daktari mwengine kabla kiti hakijafanya kazi. Tangu 2013 vituo hivi viko chini ya kaunti na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndio inaajiri, basi andikieni idara ya afya barua, mtaje kompresa, mtaje fundi wa kuja kila baada ya miezi kadhaa, sio mpaka iharibike. Nyumba pia, chumba chenye maji na mlango unaofungika, karibu na kituo. Na muulizeni ana mke ama mume anayefanya kazi gani, akiwa mwalimu ama nesi mtafutieni nafasi huku huku, maana mtu hakai na familia iko Mombasa.

Posho ya mazingira magumu ni haki yake lakini peke yake haimshiki mtu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa jambo hili 2010 wakaurudia 2021, na pesa ni sehemu moja tu, mojawapo ya mambo wanayoyasisitiza ni kusomesha watoto waliokulia mashambani na visiwani, maana hao ndio hurudi.

Hapo ndipo nawaomba sana. KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, wana diploma ya miaka 3 ya afya ya kinywa, mhitimu anasafisha meno, anaziba, anang'oa, anaenda shuleni kufundisha watoto. Hamna binti hapo Pate aliyemaliza fomu foo akapata baolojia vizuri? Mtafuteni, msukumeni basari ya wadi, huyo bahari ya kusi ameizoea tangu tumboni.

Na namba ya yule kijana bila shaka mnayo. Mpigieni, mumuulize kwa upole kilichomshinda, na maneno yake myatie kwenye ile barua.